Unga Gani?

Miaka ya tisini, ukitaja unga pale Nyeri, mtu alikuuliza kama ni wa mahindi au wa wimbi. Maana nyingine haikuwepo. Unga ulikuwa kitu cha kupepetwa, cha kuombwa kwa jirani, cha kukujaa nyweleni ukitoka kusaga posho mili. Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya Ruring'u, na nilidhani nimeshasikia kila jina ambalo watu wetu huupa ugonjwa. Lakini neno hilo moja la jikoni lilikaribia kumwondoa kaka yangu duniani, na kumharibia jina msichana ambaye hakuwa na kosa ila kupika uji.

Nitaeleza polepole. Tangu siku ile nimekutana na familia nyingi zilizokaa na mgonjwa wa aina hii, zikamtazama bila kumwona. Hazikuwa familia za wajinga. Zilikosa tu mtu wa kuziambia kwamba kile wanachokitazama kina jina.

Kaka yangu alikuwa dereva wa magari ya watalii. Alianzia kazi Mombasa, kisha akahamia hoteli moja upande wa Nanyuki. Wazazi wetu walifariki tungali wadogo, tukalelewa na shangazi pale Skuta, naye shangazi alimpenda kaka kama mtu anavyopenda jicho lake la pili. Kwa hiyo kaka alipompata msichana wa Endarasha na siku ya ruracio ikafika, siku ya wazee kukutana na kuongea habari za mahari, shangazi ndiye aliyetangulia kuvaa, ndiye aliyetangulia kuingia garini.

Tulifika Endarasha ukungu wa Nyandarua ungali umelala juu ya mashamba ya kabichi. Kaka alitukuta kule akitokea Nanyuki, na pamoja naye alikuja rafiki yake, dereva mwenzake, mzaliwa wa Mombasa. Kwa heshima ya mgeni huyo watu wote walizungumza Kiswahili siku ile, Kiswahili chetu cha milimani, naye akawajibu kwa kile chake cha pwani. Mara mbili tatu walicheka kwa kutoelewana. Hakuna aliyedhani kutoelewana kungeweza kuwa hatari.

Kaka hakukaa chini. Bwana harusi kwa kawaida hukaa kimya siku kama hiyo, akijitahidi kuonekana mtu mzima. Yeye alinyakua shoka akaanza kupasua kuni za kuchomea mbuzi. Alipasua kama mtu anayekimbizwa.

"Wewe trakta!" wanawake wa pale wakamwita kutoka jikoni. "Ukimaliza hiyo kuni, uende ya jirani!"

"Leteni! Leteni msitu wote!"

"Ati msitu? Askari ya msitu itakushika kabla hujaoa!"

Vicheko vikapanda. Shangazi akanigusa ubavuni. "Unaona? Nimelea mwanaume, si mchezo."

Mimi niliona pia mambo mengine, ingawa sikuyaunganisha. Nyama ilipoiva hakuigusa. Jasho lilimtoka katika baridi ambayo sisi wengine tulijikunyata ndani yake. Na kila baada ya muda alikwenda nyuma ya gari lake. Nikamuuliza kwa utani anatafuta nini kule.

"Naangalia taya," akasema, kwa maana sisi tairi huziita hivyo.

Taya za gari zilikuwa nzima. Taya lake mwenyewe ndilo lilikuwa likisagasaga, kushoto kulia, hata alipokuwa hasemi kitu.

Wazee walipoingia sebuleni, msichana alileta uji. Ulikuwa uji wa wimbi uliochachuka vizuri, katika kibuyu cha nyumba ile, na alimmiminia kaka kwa mkono wake kama desturi inavyotaka. Kaka akaunywa wote bila kupumua. Mzee wetu akasimama kuanza maneno ya fumbo, ya kutafuta mbuzi aliyepotea, yaani bibi harusi. Hakufika mbali.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" kaka akasema.

"Nani anakuangalia?" shangazi akamwuliza.

"Huyo. Na huyo wa dirishani. Wametumwa."

Dirishani hapakuwa na mtu. Kaka akasimama, akashika kifua kwa mikono miwili, akakaa tena chini kama aliyevutwa.

Endarasha ni mahali pa baridi. Kifua kikikuuma kule, hakuna mtu anayeuliza mara mbili: ni nimonia, na dawa ya kwanza ya nimonia ni joto. Wanaume wakambeba hadi jikoni, wakamlaza karibu na moto. Blanketi la kwanza, la pili, kisha koti zito la baba mkwe juu yake. Mlango ukafungwa ili upepo usipite. Alipoanza kurusha miguu, wawili wakamkalia. Mtu akaleta supu ya moto. Walifanya hayo yote kwa upendo. Hilo nalisisitiza, kwa sababu kila jambo walilofanya lilikuwa likimsogeza karibu na kifo.

Rafiki yake alikuwa amesimama mlangoni, uso umesawijika kwa hofu. Akanong'ona, ila jikoni kila mtu alisikia:

"Keshakula unga huyu. Ni huo unga. Nilimwambia."

Halafu macho yote yakageuka, kwa pamoja, kwenye kibuyu ambacho msichana alikuwa amekirudisha jikoni.

"Unga?" shangazi akasema. Akainuka taratibu. "Ni unga gani mmemwekea mtoto wangu?"

"Hiyo unga ni yangu!" akadakia nyanya wa msichana, cucu mdogo wa umbo mwenye sauti kubwa. "Wimbi ya shamba yangu! Nilipepeta mimi, nikasaga mimi!"

"Basi na sumu ulisaga wewe!"

"Lete hapa nikunywe mbele yako!"

"Hapana! Hakuna mtu anagusa hii." Shangazi akakifunika kibuyu kwa shali yake, akakikumbatia. "Hii inaenda hospitali. Ikitoka huko inaenda polisi. Leteni maziwa!"

Maziwa, kwetu, ndiyo huvuta sumu. Yakaletwa, na mtu akaanza kuyamimina mdomoni mwa kaka huku mwingine akimshika kichwa. Msichana alisimama pembeni, mkono mdomoni. Hakulia. Alikuwa akimtazama shangazi kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Nikapiga magoti. Ngozi ya kaka ilikuwa ya moto kama sufuria. Mapigo ya mkononi yalikimbia hata sikuweza kuyafuata. Nikamfunua jicho: mboni ilikuwa imepanuka, pana kabisa, kama ya paka gizani. Nimonia haipanui mboni. Na uji mbovu ungemtapisha, ungemlegeza, wala usingemfanya apasue kuni nusu siku kabla hajaunywa. Nikawaambia waache kumnywesha, atapaliwa. Kisha nikamvuta rafiki yake nje, hadi nyuma ya ghala la viazi.

"Unga gani?"

Akatazama nyumba. "Sista, nikisema, ndoa imekufa."

"Usiposema, bwana harusi amekufa. Unga gani?"

"Unga wa pwani. Si wa kupika."

Nilikuwa nimesikia habari zake redioni tu, kwa mbali, kama mtu anavyosikia habari za mafuriko ya nchi nyingine. "Ule wa kulaza watu?"

"La, huo wa kulaza ni mwingine. Huu ni mweupe, wa kuamsha. Kokeini. Alianza kuupata kwa wageni fulani, ili asisinzie njiani. Sasa bila huo hawezi hata kusema na watu. Leo aliogopa wazee, akasema ataweka kidogo tu."

"Aliweka lini?"

"Asubuhi. Kisha kila alipokwenda kuangalia taya."

Hapo ndipo nilipoelewa. Niseme nilichokielewa, kwa maneno ya Endarasha. Moyo ni pampu, kama zile za kunyunyizia kabichi. Kokeini huiamuru pampu iende mbio kuliko nguvu zake, na wakati uleule hubana bomba. Pampu inasukuma, bomba limefumba. Moyo wenyewe unakosa damu yake, ndiyo maana kifua kinauma hata cha kijana. Mwili unapata joto na kushindwa kujipoza. Akili nayo, ambayo mwanzoni ilijiona shujaa, sasa inaona maadui dirishani. Mtu wa namna hiyo ukimfunika, unampika. Ukimkalia, anapigana, na kila pigano linaongeza mbio za pampu.

Nikarudi jikoni. "Toeni blanketi. Zote. Fungueni mlango."

"Unataka aende na baridi?" shangazi akanifokea.

"Tata, shangazi yangu, niamini. Baridi ndiyo dawa sasa. Na nyinyi, ondokeni miguuni."

"Atatoroka huyu, ana nguvu ya fahali," akasema mmoja wao.

"Atatulia mkiondoka."

Hawakutaka. Nilikuwa msichana wa zahanati nikiwaamuru wazee katika nyumba ya watu. Aliyeniokoa ni baba mkwe, mwenye nyumba. Akaliondoa koti lake mwenyewe kutoka kwa kaka, akalivaa, akasema, "Ondokeni. Naleta pikapu."

Nililowesha leso kwa maji ya mtungi nikamfuta kaka shingo na makwapa. Kisha nikamwita yule msichana aje amshike mkono, azungumze naye kwa sauti ya chini, asinyamaze.

"Mimi?" akasema. "Wanasema nimemwekea sumu, na wewe unaniita mimi?"

"Nakuita wewe."

Akaja. Sijui kwa nini alikuja. Akamwambia kaka habari za ng'ombe wao aliyekuwa karibu kuzaa, na mahali ambapo uzio ulikuwa umeanguka, maneno ya kawaida tu, na kaka akamkazia macho, akaacha kuwatafuta wale wa dirishani.

Tulimpakia nyuma ya pikapu iliyozoea kubeba kabichi. Barabara ya kuteremka Nyeri ilikuwa tope tupu, na kila gari lilipoteleza nilihesabu tu pumzi zake. Upepo ulimpiga uso na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliushukuru ule upepo wa Endarasha. Mbele, karibu na dereva ambaye ni baba mkwe, shangazi alikaa na kibuyu mapajani. Alikishika kama mtoto mchanga.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana. Kabla hajamgusa mgonjwa, shangazi alimsukumia kibuyu. "Daktari, pima hii. Wamemlisha unga mbaya."

Daktari alikiweka kibuyu dirishani, akapima presha, akapima moyo, na uso wake ukabadilika. Akamwambia muuguzi wake alete dawa ya kupunguza mbio za moyo, akaitaja jina. Niliijua. Ni dawa njema kwa wagonjwa wengi. Lakini sikuwa na hakika itafanya nini kwa moyo ambao bomba zake zimebanwa na kokeini, na nilijua daktari naye anatibu kitu asichokijua.

"Amekula nini hasa?" akauliza, bila kutazama mtu.

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Msichana alikuwa nyuma yake. Shangazi alinitazama, na nadhani tayari alikuwa amesoma kitu usoni mwangu, kwa sababu alitikisa kichwa, kidogo sana, kunikataza.

"Daktari," nikasema, "ni kokeini. Tangu asubuhi, mara nyingi. Uji hauhusiki."

Mkono wake ukasimama. "Rudisha hiyo," akamwambia muuguzi. "Leta ya kumtuliza, ile ya kudunga. Na aspirini." Kisha akaniambia, akiendelea na kazi, kwamba ile dawa ya kwanza ingeweza kuibana mishipa zaidi, kwamba hajawahi kumwona mgonjwa kama huyu hapa Nyeri, ila alifundishwa, na kwamba nimesema kwa wakati mzuri.

Dawa ya kutuliza ikaingia. Kwa muda hapakuwa na badiliko lolote, nasi tulisimama pale tukiitazama ile shuka ikipanda na kushuka kwa kasi. Halafu mabega ya kaka yakalegea. Kisha vidole. Mwishowe taya.

Koridoni baba mkwe aliniuliza, "Hiyo kitu ni ugonjwa ama ni tabia?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi tangu hapo, na jibu langu halijabadilika sana. Mara ya kwanza mtu huchagua. Lakini ubongo una sehemu yake inayosema *vizuri, rudia*. Ndiyo inayotufanya tule, tupende, tulee watoto. Kokeini huingia moja kwa moja mahali hapo na kupiga kelele hadi ubongo unasahau sauti nyingine zote. Baadaye mtu anarudia hata asipotaka, hata akijua. Huo ni ugonjwa. Anawajibika kutafuta matibabu, kama mwenye kisukari anavyowajibika, lakini matusi hayajawahi kumtibu yeyote.

Alisikiliza hadi mwisho. "Na uji?"

"Uji hauna neno, mzee."

"Basi mwambie huyo mama arudishe kibuyu yetu."

Shangazi hakukirudisha. Alikitoa pale dirishani, akaenda nacho Skuta. "Mtoto wangu si mlevi," akaniambia, na hakutaka kusikia zaidi. Sikumlaumu. Sumu ya watu wengine ni rahisi kubeba kuliko ugonjwa wa mtoto wako. Lakini kibuyu kilipokaa juu ya kabati lake, maneno yalipanda Endarasha na kushuka, na yule msichana akawa *yule wa unga*. Sokoni, wanawake wa kwao walikuwa hawanunuliwi kitu cha kupikwa.

Kaka alipotoka hatarini alilala, akaamka, akalala tena, kisha huzuni ikamwangukia nzito. Hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa, na ni wakati wa kutomwacha mtu peke yake. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake aliponiambia, "Walisema ni uji?"

"Wanasema bado."

Akageukia ukuta. "Acha ibaki uji. Wewe ni ndugu yangu."

"Sitakusema vibaya kwa mtu yeyote," nikamjibu. "Lakini uongo huo una mtu chini yake."

Msichana hakuja tena hospitalini. Alituma neno moja kupitia kwa rafiki wa pwani: hana haja ya kuombwa msamaha na shangazi, anataka kusikia jina la kile kitu kutoka kwa mwenyewe, jikoni kwao, mbele ya wale wale.

Kaka aliacha kazi ya Nanyuki, akakaa Skuta, akawa anamwona mshauri wa hospitali. Ilikuwa vigumu. Kulikuwa na siku harufu ya gari jipya tu ilitosha kumtoa jasho. Alianguka tena, mara moja, na alirudi mwenyewe kuniambia, na nilimwambia kwamba kurudi kuniambia ndiko kupona, hata kama hakufanani na kupona. Kisha asubuhi moja nikamkuta amepanda kiti, anakiteremsha kibuyu kutoka kabatini. Shangazi alikuwa amesimama karibu naye. Alikuwa amevaa viatu vya safari, tayari kwenda Endarasha.

Jikoni Endarasha moto ulikuwa uleule. Walikuwepo wote. Kaka hakukaa.

"Uji haukuwa na kitu," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa nimetumia kokeini. Nimeitumia kwa muda mrefu. Ni mgonjwa, na ninatibiwa."

Kisha cucu akainamisha sikio. "Koko nini?"

"Kokeini, cucu."

"Inapandwa wapi?"

"Mbali. Ng'ambo."

"Na inafanyia mtu nini?"

Kaka akanitazama. Nikautazama moto. Basi akaeleza mwenyewe, habari za pampu na bomba, akikosea hapa na pale, na cucu akitikisa kichwa kama mtu anayefundishwa kutengeneza kitu.

"Kwa hivyo uji yangu haina makosa," akasema alipomaliza.

"Haina, cucu. Ilikuwa tamu."

Cucu akamgeukia shangazi, akangoja. Shangazi alikuwa na shali mkononi, akiikunja na kuikunjua. "Haina makosa," akasema. "Nilisema vibaya katika nyumba ya watu."

Msichana akainuka, akakichukua kibuyu kwa kaka, akakinusa mdomoni. Uji wa siku ile ulikuwa umekaukia ndani.

"Hamkuosha," akasema.

Akatoka nacho. Tukasikia maji yakimiminwa nje, kisha kokoto ndogo zikitikiswa ndani ya kibuyu, zikisugua, kwa muda mrefu. Kaka alibaki amesimama, akingoja, taya lake limetulia. Cucu akaongeza kuni motoni, akauliza kama kuna mtu aliyekumbuka kuchekecha wimbi.